Kununua Gitaa la Umeme na Amplifaya kwa Ajili ya Bendi: Ushauri wa Mpiga Ridhimu wa Malindi

Kijana akiingia kibandani kwangu hapa Majengo, Malindi, akanionyesha picha ya gitaa kwenye simu, simuulizi ana shilingi ngapi. Namuuliza: bendini kwenu kuna nani mwingine? Wengi huduwaa. Wamekuja na habari ya gitaa jekundu, mimi nawauliza habari ya kinanda. Lakini ununuzi unaanzia hapo. Gitaa linalokufurahisha ukiwa peke yako chumbani, sauti nene imejaa pembe zote, mara nyingi ndilo linalomezwa drams na besi zikiingia. Na lile ulilolidharau dukani kwa kuwa lina sauti kali na kavu, ndilo litakalosikika hadi meza ya mwisho.

Mimi ni mpiga ridhimu, yaani gitaa la kushikilia mwendo wa wimbo; la solo ndilo linaloimba juu yake. Usiku napiga na bendi mahotelini na maharusini, mchana natengeneza redio, amplifaya na magitaa ya watu. Haya ninayoyaandika ni ya mtu atakayepiga na wenzake. Anayetaka gitaa la kujiliwaza barazani na anunue linalompendeza macho, hana kosa.

Kwanza bendi, halafu duka

Kaeni chini nyote muhesabu vyombo. Uzi mnene wa gitaa, ule wa sita, hutetema mara 82 kwa sekunde ukiupiga wazi. Uzi mnene wa besi hutetema mara 41. Dramu ya mguu nayo iko huko huko chini. Kwa hivyo ukizungusha kitufe cha besi cha amplifaya yako mpaka mwisho, huongezi utamu wowote. Unamwingilia mpiga besi. Naye ataongeza sauti asikike, na wewe utaongeza, na kufikia saa nne usiku mwimbaji koo limemkauka kwa kupiga kelele. Eneo la gitaa ni la kati, na la juu kidogo.

Ukitaka kusikia ninachosema, tafuta rekodi za Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Ridhimu, solo na besi, kila moja unaweza kuifuata peke yake toka wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Hakuna gitaa nene pale. Ridhimu ni nyembamba, safi, haina mkwaruzo, nayo ndiyo inayoubeba wimbo. Watu husifu solo. Mimi ni mpiga ridhimu, mtanisamehe.

Basi mkiwa wapiga gitaa wawili, msinunue magitaa yanayofanana, hata mwenye duka akiwapunguzia bei kwa kuchukua mawili. Mmoja achukue lenye sauti nyembamba ya kukata, mwingine achukue lenye sauti ya mviringo. Kama tayari mnayo yanayofanana, mmoja atumie pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya karibu na briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, na mwingine ya karibu na shingo. Tofauti itasikika papo hapo. Wanaopiga rumba ya Kongo, ambao kati ya solo na ridhimu huwa na mi-solo, wengine wana hila yao: huutoa uzi wa nne, wakaweka uzi mwembamba uliotyuniwa oktava moja juu, yaani noti ile ile kwa sauti nyembamba zaidi. Chodi (noti kadhaa kwa pamoja) ile ile uliyoizoea inatoka inang'aa. Inagharimu uzi mmoja tu, kwa hivyo ijaribuni kabla hamjaanza kuchanga pesa za gitaa jingine.

Bendi yenye kinanda ina mambo yake. Huku kwetu bendi nyingi za mahotelini ni watu watatu, na mpiga kinanda ndiye drams, ndiye besi, ndiye kila kitu. Mkono wake wa kushoto unajaza chini yote. Hapo gitaa nene halina kazi. Zungumzeni naye, apunguze chodi za katikati mnapopiga pamoja, na wewe utafute sauti nyembamba. Kwenye taarabu ya harusi ni kinyume kidogo: gitaa linajibizana na mwimbaji, wala halitaki ukali. Hapo pikapu ya shingo, toni imerudishwa nyuma kidogo, inatosha. Chakacha ikianza, rudi kwenye briji.

Pikapu: koili moja au mbili

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, unazaliwa mkondo mdogo wa umeme, nao ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana uzi wa nailoni hausikiki hapo. Niliwahi kuletewa gitaa zima kabisa, mwenyewe anasema limekufa, kumbe limefungwa nyuzi za gitaa la kawaida.

Aina ya kwanza ni ya koili moja, yaani mzungusho mmoja wa waya huo, kama zilivyo Telecaster na Stratocaster za Fender. Sauti yake iko wazi, kila uzi unajitegemea, na ridhimu inasikika bila kupandisha volyumu. Ubaya wake ni kwamba inanasa mvumo wa stima. Friji ya baa, taa za kupunguzwa mwanga, transfoma ya taa za bwawa la kuogelea, zote zinaingia. Ukigeuka na gitaa upande mwingine mvumo unapungua, ukirudi unarudi. Hotelini nimezoea kutafuta pembe ya kusimama kabla sijatafuta kiti.

Aina ya pili ni hambaka, koili mbili zilizofungwa kwa kupingana ili mvumo wa moja ufute wa nyingine. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni mwaka 1955. Sauti yake ni nene zaidi, ina nguvu zaidi, na haivumi. Kwa solo ya kuvuta, kwa nyimbo za roki wanazoomba wageni, hiyo ni nzuri. Kwa ridhimu ya haraka inaweza kutoka nzito, ila ukipunguza volyumu ya gitaa lenyewe kidogo inasafika.

Anayenunua gitaa la kwanza na atapiga kila kitu, kanisani Jumapili na hotelini Ijumaa, namwelekeza kwenye gitaa lenye hambaka moja kwenye briji na pikapu mbili za koili moja mbele yake. Yamaha Pacifica 112 limepangwa hivyo, nami sina ugomvi nalo. Squier ni jina la Fender la bei nafuu, na Epiphone ni la Gibson. Maumbo ni yale yale na kazi inafanyika. Ila jina lililo kichwani mwa gitaa usiliamini peke yake. Stika ni rahisi kubandika. Amini shingo, freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) na masikio yako.

Uzito nao. Gitaa la umbo la Les Paul, lile la Gibson, hufika kilo 4 na kupita. Harusi ya kwetu ikianza baada ya isha hujui itakwisha saa ngapi, na bega ni lako. Upande wa vidole, Gibson nyuzi zake ni fupi, milimita 628 kutoka kichwani hadi kwenye briji, na Fender ni 648. Milimita 20 zinaonekana chache, lakini mwenye mkono mdogo atazijua. Nyuzi fupi hulegea kidogo zaidi, ni rahisi kuvuta. Ndefu hukaza, na ridhimu hutoka na mgongo.

Chumvi haina huruma

Haya hutayasoma kwenye maelekezo ya waliotengeneza gitaa, maana wao hawakai Malindi. Upepo wa baharini hapa unakula chuma. Nyuzi mpya kabisa, ukizipiga usiku mmoja hoteli ya ufukweni bila kuzifuta, asubuhi zina madoa. Briji, skrubu, springi, hata jeki ya kuchomekea waya, vyote vinapata kutu ya kijani au nyekundu.

Kwa sababu hiyo mimi nashauri briji isiyocheza, iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbao. Zile briji zinazoelea juu ya springi, zenye mkono wa kutikisia sauti, zina vyuma vingi vya kuoza. Tena uzi mmoja ukikatika, springi zinavuta zilizobaki na gitaa zima linatoka kwenye tyuni katikati ya wimbo. Kwa bendi isiyo na gitaa la akiba hilo ni balaa. Kama gitaa unalolipenda lina springi, fundi anaweza kuweka kipande cha mbao nyuma ya briji ili isicheze. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Nyuzi zenye utando wa kuzuia kutu ni ghali kuliko za kawaida, lakini kwa pwani zinalipa. Unene wa 10 hadi 46, yaani sehemu za elfu za inchi kutoka uzi mwembamba hadi mnene, unafaa watu wengi. 9 hadi 42 ni laini kwa anayeanza, ila ridhimu ya kupiga kwa nguvu huzikata. Weka kitambaa cha pamba ndani ya mfuko wa gitaa, kipande cha leso kuukuu ni kizuri, na kila mkimaliza kupiga futa nyuzi juu na chini yake, kila uzi peke yake. Kisha rudisha gitaa mfukoni ufunge zipu. Kulisimamisha jukwaani likitazama bahari wakati mnakula ni kulitesa, na kuliacha ndani ya gari juani ni kulitesa zaidi.

Masika mbao za shingo zinapata unyevu, kaskazi ikivuma kavu zinarudi. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuirekebisha. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine pale shingo inapokutana na mwili, halafu tazama freti ya 7. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi ya mwaliko. Ukikosekana kabisa, nyuzi zitagonga freti. Ukiwa mkubwa, vidole vitauma. Fimbo hiyo huzungushwa robo ya mzunguko kwa siku, si zaidi, na kama hujawahi kuishika mpe fundi.

Mkononi, kabla ya kulipa

Wengi huku tunanunua Mombasa, au tunaagiza Nairobi, au tunapata mtumba kutoka kwa mgeni anayerudi kwao. Popote pale, nenda na waya wako mwenyewe na ukague hivi.

Lishike gitaa kama unayelenga bunduki, utazame shingo kutoka upande wa mwili kuelekea kichwani. Inapaswa kunyooka au kupinda mbele kidogo tu. Ikiwa imejikunja upande, yaani uzi mmoja unaonekana uko juu na wa upande wa pili uko chini, lirudishe. Kupinda mbele au nyuma hutengenezeka. Kujisokota hakutengenezeki kwa bei ya akili.

Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila kuunganisha na amplifaya. Ndiyo, kila freti. Mwenye duka atachoka kabla yako. Unatafuta sauti iliyokufa, au mgongano wa chuma. Freti za mtumba huwa zimechimbika chini ya nyuzi mbili nyembamba, kwenye freti tatu za mwanzo; kucha ikikwama ndani ya shimo, hesabu gharama ya kuzisawazisha.

Baada ya hapo nenda freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kuubana, upige, utasikia mlio mwembamba wa kengele. Halafu ubane pale pale upige tena. Sauti mbili hizo ziwe sawa sawa. Zikitofautiana kidogo, kwenye briji kuna skrubu ya kusogeza tandiko la uzi, kile kipande kinachoubeba, na bisibisi inamaliza. Lakini kama tandiko limesogezwa hadi mwisho na bado sauti hazikubaliani, briji ilifungwa mahali pabaya tangu kiwandani. Magitaa ya bei ya chini sana ndivyo yalivyo, na hutapiga na kinanda ukapatana nacho hata siku moja.

Sasa unganisha. Zungusha volyumu na toni toka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mikwaruzo; ikiwepo kidogo ni vumbi na chumvi, dawa ya kupuliza inaiondoa. Gonga kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi, kila moja ijibu. Tikisa jeki ya waya. Weka kiganja juu ya nyuzi: mvumo ukipungua ndivyo inavyotakiwa, maana nyuzi zimeungwa na ethi, waya wa ardhini, kupitia briji. Ukiongezeka, waya wa ndani umekatika au umeungwa kinyume. Hilo ni jambo la kulehemu tu, tumia kupunguziwa bei.

Rangi sijaitaja. Chagua uipendayo.

Amplifaya ndiyo nusu ya gitaa

Kosa ninaloliona kila mwezi: kijana amemaliza pesa zote kwenye gitaa, akachukua amplifaya ndogo ya wati 10 yenye spika ya inchi 6 iliyouzwa pamoja nalo. Siku ya mazoezi mpiga drams akigonga mara moja, gitaa halipo. Akipandisha, inakwaruza. Mimi ningegawa pesa hivi: gitaa sehemu 4 kati ya 10, amplifaya 4, na 2 zilizobaki kwa waya, nyuzi, mfuko, mkanda na tyuna. Mwenye gitaa la wastani na amplifaya nzuri atasikika vizuri. Mwenye gitaa la fahari na amplifaya mbovu atasikika kwa ubovu wa amplifaya.

Wati zinadanganya. Amplifaya ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya 50. Tofauti yao ni desibeli 3 tu, yaani kidogo tu juu. Ili sikio lisikie mara mbili unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa hivyo usilipe pesa nyingi kutoka 50 kwenda 100 ukaacha kuangalia spika. Spika ya inchi 12 nzuri kwenye sanduku pana itaishinda inchi 8 yenye wati nyingi zaidi. Kwa bendi yenye drams, amplifaya ya transista ya wati 50 na inchi 12 inatosha, na ukumbi ukiwa mkubwa mnaweka maiki mbele ya spika na kuipeleka kwenye miksa.

Amplifaya za vali, yaani za mirija ya kioo, ni mali nyingine. Sauti yake ni tamu, na wati 15 hadi 30 za vali zinashindana na transista kubwa, kwa sababu ikielemewa inakwaruza kwa uzuri, na transista ikielemewa inachukiza. Lakini Fender Twin Reverb, wati 85, ina uzito wa kilo 29 hivi, na ndani yake kuna vioo vinavyochukia barabara mbovu. Vali ikifa Malindi, utaiagiza mbali na bendi itakungoja. Na kamwe usiwashe amplifaya ya vali spika ikiwa haijaunganishwa. Transfoma ya ndani huungua. Kwa kazi zetu hapa nachagua transista. Mwenye kupenda sauti safi ya ridhimu, Roland JC-120 ipo tangu mwaka 1975, amplifaya mbili za wati 60 ndani ya sanduku moja, spika mbili za inchi 12, ngumu kama nini. Nayo haipungui kilo 28. Nyepesi zaidi ni Boss Katana ya wati 50, kilo 12 hivi, yenye swichi ya kushusha nguvu hadi nusu wati, ukapiga nyumbani bila kugombana na majirani.

Kuna wanaosema hawahitaji amplifaya, watachomeka gitaa kwenye miksa. Inawezekana, kwa masharti. Spika ya gitaa haitoi sauti za juu zaidi ya mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na hilo ndilo linaloufanya mkwaruzo uwe mtamu. Spika za miksa hutoa zote. Ukipiga sauti ya mkwaruzo moja kwa moja huko, utasikia nyuki ndani ya kopo. Tafuta pedali yenye uwezo wa kuiga spika ya gitaa, hapo itakubalika. Hata sauti safi, usiichomeke kwenye tundu la kawaida la miksa. Gitaa linahitaji tundu maalumu la ala, au kisanduku cha DI katikati, kinacholilinganisha gitaa na miksa, vinginevyo ukali wote unafia njiani.

Na mpiga besi asikopeshwe amplifaya ya gitaa kwa mazoezi. Koni za spika hizo hazikutengenezwa kusukuma mitetemo 41, zinachanika. Spika nyingi ninazozibadilisha zimeuawa na besi ya kuazima.

Stima, ethi na plagi za Waitaliano

Geuza amplifaya, usome kibao cha nyuma kabla hujaichomeka. Stima yetu ni volti 240, mitetemo 50. Iliyoletwa kutoka Marekani imeandikwa 120, ya Japani 100, na ukiichomeka hivi hivi utasikia pah! na harufu. Inahitaji transfoma ya kushusha, nayo ina uzito na bei yake. Ihesabu kwenye bei ya ununuzi. Malindi tuna bahati moja: Waitaliano waliojenga huku huacha vitu vyao wakiondoka, na Italia wanatumia volti 230. Hizo zinafanya kazi bila transfoma, ila plagi yao ina miguu mitatu ya mviringo iliyopangwa mstari mmoja. Ikate uweke yetu: kahawia kwenye L, buluu kwenye N, kijani na manjano kwenye ethi. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3, si 13 inayokuja nayo.

Ethi usiifanyie mzaha. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi ya amplifaya. Maikrofoni imeungwa na ethi ya miksa. Kama viwili hivyo vimechomekwa kwenye soketi tofauti na moja haina ethi, au nyaya zimepishana, wewe unayeimba huku umeshika nyuzi ndiye unakuwa waya. Ndipo mtu anapigwa na maiki mdomoni, na si kila mtu anaamka. Kabla hamjaanza, gusa maiki kwa bisibisi ya testa. Ikiwaka, msipige. Chomekeni vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kutoka soketi moja iliyopimwa. Akitokea fundi wa kuwaambia mkate mguu wa ethi ili mvumo uishe, mwambieni asante, mpeni soda aende.

Kwenye jenereta, iwasheni kwanza, iacheni itulie, kisha taa, vyombo mwisho. Msiizime vyombo vikiwa vimewaka. Stebilaiza ni pesa ndogo kuliko ubao wa amplifaya.

Waya wa gitaa usizidi mita 6. Mrefu zaidi unanyonya ukali wa sauti. Nunua wenye jeki inayofunguka kwa kuzungusha, ili ukikatika ulehemiwe. Zilizoyeyushwa pamoja na plastiki zikikatika ni za kutupa. Beba mbili daima.

Mzigo una safari

Mkipata harusi Lamu mtanielewa kuhusu uzito. Kutoka hapa ni Garsen, Witu, hadi Mokowe, na hapo barabara imekwisha. Amplifaya inashuka kutoka garini, inabebwa kwa mkono hadi gatini, inaingizwa botini huku boti ikicheza. Ukivuka, vichochoro vya mjini havipiti gari. Ni mkokoteni, punda au kichwa. Kilo 12 unamkabidhi mbebaji mmoja. Kilo 29 ni mapatano mapya ya bei kwenye kila ngazi. Funika na turubai la plastiki hata kama kuna jua, maana maji ya chumvi hurukia kutoka chini. Vilevile kwa kazi ya ufukweni pasipo na stima, Roland Cube Street inatumia betri 6 ndogo za AA na ina tundu la maiki. Kwa drams haifai. Kwa watu wawili chini ya mvinje, inafaa sana.

Siku ya kwanza ya mazoezi

Vimefika? Basi amplifaya isiwe sakafuni. Spika ya gitaa hurusha ukali wake mbele moja kwa moja. Ikiwa chini, wewe uliyesimama karibu unasikia sauti butu, unaongeza trebo (sauti za juu), na aliyekaa meza ya tatu anatobolewa masikio. Iweke juu ya kreti ya soda, au iinamishe ikutazame usoni. Utajisikia, na utashusha mwenyewe.

Mwache mpiga drams apige peke yake kwanza, kisha besi iingie. Anza na vitufe vyote vya sauti katikati. Punguza besi ya amplifaya mpaka gitaa, likisikika peke yake, lionekane jembamba kuliko unavyopenda. Ongeza midi, yaani sauti za kati, kidogo. Halafu mtu asiye na chombo, awe hata mtoto wa jirani, aende mwisho wa ukumbi awaambie kama anasikia maneno ya mwimbaji. Hasikii, shusheni wote isipokuwa maiki. Anasikia, bandika vipande vya plasta nyeupe pembeni ya kila kitufe uweke alama ya kalamu, uvikute hapo hapo kazi ya kwanza.

Volyumu ya gitaa lenyewe iache kwenye 7. Hiyo 3 iliyobaki ni ya solo.